Ngolo Bila Nyasi

Otmari, mwanangu,

Usicheke. Najua nimekuzidi miaka mitano tu, na mbele za watu mimi ni dada yako. Lakini siku ile mtoni, mwaka aliofariki mama, ulipoteleza jiweni ukalia "mama", aliyegeuka ni mimi, na wewe hukujisahihisha. Tangu hapo sikujiuliza tena. Kwa hiyo leo nakuandikia kama mzazi anavyomwandikia mtoto anayetoka nyumbani, na nikikosea adabu ya barua hizo unisamehe, umri wenyewe sijaufikia.

Uko kwa Babu, kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula na kuamua mambo. Kutoka hapa jikoni nawasikia wanaume wakila ugali wa kukuaga, na nasikia Babu akikohoa kama anavyokohoa kabla ya kuanza jambo refu, basi najua utakawia. Nimepata nafasi. Kwa mdomo nisingeweza. Unanijua. Pale dukani Kitai nilisimama mpaka muuzaji akaniuliza, "Binti, unanunua au unanilindia duka?" na bado nikaondoka bila sabuni.

Nilitaka niandike kwa Kimatengo, lugha tunayogombana kwayo, ila hakuna aliyetufundisha kukiandika. Kiingereza nacho nilikisoma kwa ajili ya mitihani, sijawahi kumwambia mtu pole kwa Kiingereza. Kimebaki Kiswahili. Nitajitahidi.

Mambo ya ndoo, shuka na kutoazimisha viatu, Shangazi Hilda amekwisha kukueleza kwa simu, na yeye amelea wengi. Mimi nina moja tu. Nataka kesho upande basi. Asubuhi ulipofunga sanduku niliona unavyolifunga, polepole, kama mtu anayesubiri kuambiwa aache. Januari uliacha. Safari hii nakuomba usiache, na nikueleze kwa nini unaweza kwenda.

Nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka mwaka jana, wakati wa kulima, nilivyokuwa naamka kabla ya jogoo. Nilikuwa nahisi mwili wangu hauna uzito. Sikuwa na njaa, sikuwa na usingizi, na kila nilichokiwaza kilikuwa kizuri na kilikuja na kingine nyuma yake. Nitafungua duka la vitenge. Nitarudia mtihani nipate daraja la kwanza. Nitapanda kahawa mpaka kule mlimani. Mimi, ambaye hata salamu naisema chini chini, nilikuwa nawasimamisha watu njiani nawaeleza. Na nililima. Shamba lote la mteremkoni nililichimba peke yangu, bila kungoja zamu yetu ya ngokela, ambapo wasichana wote wangekuja na majembe yao tukamaliza kwa kucheka. Watu wakapita wakatazama mashimo yamepangana mlima mzima, mazuri. Babu alinisifu kwenye sengu. Akamwambia baba mdogo, "Huyu msichana ana mikono ya bibi yake." Akaniletea hapa jikoni kipande cha paja la kuku, kwa mkono wake mwenyewe.

Wewe uliniuliza jambo moja. Ulisimama na panga lako pale juu, ukasema, "Dada, mbona hukuningoja nipange nyasi?"

Nikakujibu vibaya. Nilikuambia wewe ni mvivu, ungenichelewesha.

Mtoto yeyote wa huku anajua ngolo inavyotengenezwa. Nyasi zinafyekwa, zinaachwa zikauke, zinapangwa miraba miraba, ndipo udongo wa katikati unachimbwa na kutupwa juu yake, shimo linabaki katikati na matuta pembeni. Zile nyasi ndizo zinazolisha maharage na kushika udongo mvua ikija. Mimi nimeanza kushika jembe kabla sijajua kusoma. Na nilichimba shamba zima juu ya ardhi tupu, kwa kukadiria kwa macho, nikaona nimegundua njia ya haraka. Wakubwa wakapita, wakaona umbo, wakasifu. Hakuna aliyeinama.

Halafu nikazimika. Hilo unalijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwa unaniletea maji. Mimi nakumbuka ukuta tu. Nakumbuka ufa uliokuwa ukutani na kwamba kugeuka upande wa pili ilikuwa kazi kubwa kama kupanda mlima. Sikuoga. Nywele zilishikana. Kuna mawazo yalinijia kwamba mngepumzika kama nisingekuwepo, na hayo sitayaandika zaidi ya hapa, ila ujue yalikuja, na ujue kwamba yalikuwa ya uongo. Maharage yakatoka ya njano. Mvua ikabomoa mashimo ya chini. Watu wakasema nimerogwa kwa ajili ya ile sifa, kwamba kuna jicho limeniangalia.

Shangazi alipokuja kwenye msiba wa jirani akaniona, hakuuliza kitu. Alinifunga kitenge akanipakia kwenye gari la kwenda kwake ziwani. Ninyi mkaambiwa malaria imepanda kichwani.

Ziwani nililala sana. Nyumba ya Shangazi iko karibu na pale wanapoanika usipa, wale dagaa wa ziwani, na harufu yake iliniingia mpaka kwenye dawa. Hospitalini alikuwepo daktari mmoja mama, mnene, mwenye sauti ya chini kama yangu. Aliniuliza maswali mengi kuhusu kulala. Alipomaliza akaniambia jina la ugonjwa. Baipola. Akasema kwa Kiswahili ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, kule chini kabisa huitwa sonona, na kwamba ile furaha yangu ya shambani nayo ilikuwa ugonjwa. Hapo ndipo nililia. Kuambiwa kwamba nilipolala nilikuwa naumwa, sawa. Lakini siku zile nilizosifiwa, Otmari. Siku pekee maishani nilizokuwa siogopi watu.

Akasema dawa nitakunywa kwa muda mrefu, pengine miaka, na nitaishi, nitalima, nitasoma. Kisha akauliza, "Nyumbani nani atajua?" Shangazi akasema, "Mimi." Daktari akasema, "Wewe uko huku. Kule juu, nani?"

Nilikuwa namwaza yule baba wa pale stendi Kitai anayetembea na magunia, watoto wakimrushia mawe. Mimi na Konsolata tuliwahi kumcheka, tukiwa na sare za shule, tukila miwa.

Nilirudi mwezi wa nane, na kosa langu kubwa si lile la kulima, ni hili. Usiku wa kwanza uliona nikimeza dawa, ukauliza, nikakuambia yote, nawe ulikuwa darasa la saba. Kisha nikasema, "Usimwambie mtu." Nilikupa mzigo wa mtu mzima, nikaenda kulala. Nilijiambia nimekuamini. Kumbe nilikuwa nimechoka kuubeba, na wewe ulikuwa karibu.

Ukaubeba. Ukaanza kuniuliza mbele za watu, "Dada, umekula ile?" na watu wakadhani ni chakula. Ukawa unaamka kusikiliza kama nimelala. Nikicheka sana unanitazama. Nikinyamaza unanitazama. Siku moja niliimba nikiosha vyombo, wimbo tu wa kwaya, nikageuka nikakuta umesimama mlangoni na uso wa mzee.

Januari ikafika, ukakataa shule ya bweni. Ulisema utasoma hapa kwenye kata. Babu akakuita kwenye sengu. Nilikuwa hapa hapa nilipokaa sasa, nikipanga sahani, nikasikia.

"Kwa nini huendi?"

"Sitaki tu, Babu."

"Sitaki ni jibu la mbuzi. Mtu ana sababu."

Baba mdogo akasema, "Anaogopa. Kifaranga hiki hakijaacha bawa." Wakacheka. Babu hakucheka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alisema, "Basi ukoo huu umepata mwoga," akaomba maji ya kunawa.

Hukusema. Ungesema neno moja tu, wangenyamaza wote. Ulimaliza tonge lako, ukaaga vizuri, ukaja hapa ukaniuliza kama nimekula ile.

Usiku ule niliona kwamba nitakuharibia maisha kwa siri yangu, na kwamba yule daktari alikuwa ameuliza swali sahihi. Lazima awepo mwingine. Na nilimjua mwingine ni nani, ila nilikuwa namwogopa.

Konsolata unamjua kwa kelele zake. Mimi ninamjua tangu darasa la kwanza, aliponishika mkono akaniambia, "Wewe husemi, mimi nasema, tukae dawati moja." Sijawahi kuwa na rafiki mwingine. Nikimpoteza yule sina wa akiba. Na mdomo wake, Otmari. Konsolata akijua mbuzi wa jirani amezaa, kufikia jioni Mbuji nzima imempa mtoto jina.

Nilijaribu njiani tukitoka misa. Nikasema, "Konso, nina neno." Akasema, "Na mimi ninalo, anza kunisikiliza mimi," akanieleza harusi ya binamu yake mpaka njia ikaisha. Nikajaribu tukichambua kahawa kwake, mama yake akaja kukaa. Nikajaribu tena, nikafungua mdomo, nikamuuliza bei ya kitambaa.

Mwezi wa tatu ikafika zamu ya shamba letu. Wewe ulikuwa umekwisha kupanga nyasi kipande cha chini, kile cha juu karibu na njia bado. Wasichana wengine walitangulia kule chini, mimi na Konsolata tukapewa kupasua matuta ya mwaka jana kule juu. Akapasua la kwanza. Akapasua la pili. Akainama, akaingiza mkono.

"Skola, hapa chini hamna kitu."

"Najua."

"Nyasi zimeoza zikaisha zote? Hata weusi wake haupo."

"Sikuweka."

Akanitazama, akaanza kucheka. "Ulilima ngolo kama mtu wa Dar es Salaam. Na Babu yako akatupigia kelele kijiji kizima tukuige wewe." Alicheka mpaka akaegemea jembe. Kisha akaona sicheki. "Skola. Shamba zima?"

"Zima."

"Wewe? Haiwezekani. Wewe ulinifundisha mimi kupanga."

Basi nikasema. Sikusema vizuri. Nilianza na jina kama alivyolisema daktari, halikumwambia kitu. Nikasema ni ugonjwa wa akili, nikaona uso wake umefunga. Nikasema haraka haraka kwamba natumia dawa, kwamba ile haikuwa malaria, kwamba ninapopanda silali na ninapokuwa chini siamki, na kwamba huku nyumbani wewe peke yako ndiye unayejua, ndiyo maana hukwenda bweni. Niliongea nikiangalia jembe.

Konsolata alisema, "Kwa hiyo wewe ni..." akaacha hapo. Akashika jembe lake akaendelea kuchimba. Tukachimba mpaka jioni bila neno, yeye, Konsolata. Wasichana wa kule chini waliuliza kama tumegombana.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa yake vilevile. Jumapili alikaa upande wa pili wa kanisa. Wewe uliniona nimekaa kizingitini na jembe mapajani, ukauliza, nikasema mgongo. Hata sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa mtu aliyepanda mlima akakuta alichokifuata hakipo. Nilikuwa nawasikiliza watu kila nikipita kisimani, nikingoja kusikia lile neno nyuma yangu.

Konsolata alikuja jioni moja, wewe ukiwa umekwenda kutafuta kuni. Hakubisha hodi. Alisimama hapa jikoni, mikono kiunoni.

"Mwaka mzima," akasema. "Nilikuja kwenye mlango huu. Nikaambiwa malaria. Nikatembea mpaka Mbinga mjini nikakuletea machungwa ya malaria."

"Nisamehe."

"Ulikula?"

"Nini?"

"Machungwa, Skola."

"Aliyala Otmari."

Akakaa kwenye kinu. "Mimi nimekasirika," akasema. "Usidhani naogopa. Nimekasirika." Akaokota kijiti. "Naogopa pia. Kidogo. Sijui mtu anamwambia nini mwenziwe."

Nikasema hata mimi sijui.

Ndipo akauliza swali ambalo sikulitegemea kwake. Alikuwa anachokoachokoa majivu kwa kijiti, haniangalii. "Sasa nikikuona tena unalima bila nyasi, nifanye nini?"

Otmari, nimesoma shule miaka yangu yote, nimekaa mbele ya daktari, nimeombewa, na kuna siku nimechanjwa dawa za kienyeji kifuani. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Tulikaa tukapanga. Akiniona silali na nina mipango mingi, ataninyang'anya jembe hata nikimtukana, na nitamtukana. Atampigia Shangazi. Atanisindikiza mpaka ziwani mwenyewe, mpaka mlango wa hospitali, na nisiporidhia kupanda gari atamwita baba yake anibebe kama gunia.

"Na ukiwa umelala?"

"Niletee uji. Kaa. Usinisemeshe."

"Hiyo nitashindwa," akasema. "Uji nitaleta. Kunyamaza mtafute mwingine."

Nikacheka, naye akanitazama. Nikaona anajiuliza ni kicheko kipi. Lile jicho ulilokuwa nalo wewe limeingia kwake. Si zuri kutazamwa hivyo, lakini yeye ana miaka kumi na tisa, na alikuja mwenyewe.

Sitakudanganya kwamba yote yalikwenda sawa. Alimwambia mama yake. Alikuja kunieleza mwenyewe, analia, kwamba aliulizwa kwa nini hali chakula, akashindwa kuficha. Sasa mama Konsolata akinisalimia anasema polepole na kwa sauti kubwa, kama mimi ni kiziwi, na Jumapili iliyopita alimwita mtoto wake mdogo aliyekuwa amekaa karibu yangu. Niliumia. Huenda wengine watajua. Niliamua bora niishi nalo mimi kuliko uishi nalo wewe. Na Babu nimemwambia, juzi, baada ya kumtilia maji ya kunawa. Hakuelewa sana. Alinawa polepole, kisha akasema, "Kwa hiyo yule mtoto hakuwa mwoga." Nadhani ndicho anachotaka kukisema huko sasa hivi, ndiyo maana anakohoa. Atakisema kwa njia yake ya kuzunguka, akianzia kwa babu yake yeye. Mvumilie.

Sijui nitakuwaje mwezi ujao. Dawa inanipa usingizi mzito na mikono inatetemeka kidogo, umeona mwandiko. Kuna siku naitamani ile hali ya kutokuwa na uzito. Nakuambia kwa sababu nilikuahidi moyoni sitakuficha tena, ila kukuambia si kukupa ubebe. Ukifika huko na mwenzako akakuuliza nyumbani kuna nani, sema unavyotaka. Ukipata rafiki wa dawati moja na siku moja ukataka kumwambia habari zangu, mwambie. Sikufungi mdomo tena. Na ikitokea wewe mwenyewe usingizi umekukimbia na kila kitu kimekuwa kizuri mno, au ukuta umekuwa mzito, usiseme malaria.

Sasa la mwisho, maana nasikia viti vinasogezwa.

Jumamosi nilikuona. Ulifikiri niko kisimani. Ulichuchumaa kwenye kipande cha juu, kile ambacho nyasi zake hukuzipanga wewe, ukatazama huku na huku, ukaingiza mkono ndani ya tuta mpaka kiwiko. Nilipotokea ukasema umedondosha kisu. Hukuwa na kisu. Uliondoka kabla mkono haujafika chini vizuri, na nimeona tangu siku hiyo unavyolitazama lile shamba.

Sikukasirika. Mimi ndiye niliyekufundisha kutoniamini.

Kesho baba mdogo atakuchukua kwa pikipiki mpaka Kitai kwenye basi la Songea, na njia inapita pale pale juu. Mwambie asimame. Chagua tuta lolote, la pembeni, la katikati, lile unalolishuku zaidi. Ingiza mkono taratibu, maharage yameanza kuota. Nyasi za humo Konsolata alizipanga mwenyewe tulipokwisha kupatana, akinikemea kila mstari, na mimi nikafunika. Utaziona zimelala pale, zimeanza kulainika, zina joto kidogo. Zishike vizuri, uhakikishe.

Kisha futa mkono, upande pikipiki. Kuchungulia chini ya matuta sasa ni kazi ya Konsolata.

Ile nimekula.

Mama yako wa mtoni,
Skolastika